Mwaka Niliorudisha Pombe ya Posa

Desemba iliyopita ukoo wa Mzee Semvua ulikutana Bombo. Walikuja kwa mabasi mawili kutoka Same, wengine kwa magari yao wenyewe, wote wamevaa fulana za kijani, na walipojipanga ili wapigwe picha, mpigapicha alirudi nyuma mpaka akaingia kwenye shamba la kahawa la jirani, na bado hawakuenea. Mimi niliketishwa mbele, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, kwa kuwa katika mteremko wetu hakuna mwingine aliyebaki ambaye alimwona Semvua kwa macho yake. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri, alishika kipaza sauti akasema kwamba Mungu alimjalia babu yao baraka ya pekee ya uzazi, baraka ambayo majirani zake hawakupewa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikacheka, na wewe, mjukuu wangu, uliyekuwa umekaa karibu na miguu yangu, ukaniuliza kwa nini. Sikukujibu pale, kwa sababu mtu aliyealikwa hawasahihishi wenyeji wake huku anakula nyama yao. Sasa nakujibu. Chukua kalamu uandike kama ninavyosema, wala usinipambie.

Sikupelekwa shule hata siku moja. Lakini nimezika watoto wawili na kulea sita, na hili ninalolieleza nimelijua kwa kulibeba kichwani na mgongoni. Habari za wazazi wangu na za ukoo nilikotoka ziache. Hazina kazi hapa. Anza na mwaka ule. Waingereza walikuwa bado wanatawala, Bwana Shauri akikaa Same, na sisi huku mlimani tukimwona mara moja kwa mwaka, alipokuja na askari wake kwa ajili ya kodi. Mimi nilikuwa mke wa Mbonea kwa mwaka wa tano. Nyumba yetu ilikuwa ya msonge, nyasi kuanzia juu mpaka chini. Ukiingia, kushoto kulikuwa na kitanda cha fito, katikati mafiga, juu ya mafiga dari la kukaushia mahindi, na kulia sehemu iliyotengwa kwa magogo kwa ajili ya ng'ombe. Kwetu sehemu ile haikuwa na ng'ombe. Mbonea aliitengeneza alipojenga, kwa sababu hakuna mwanaume wa hapa aliyejenga nyumba bila zizi la ndani, na kwa miaka yote hiyo tuliweka humo kuni. Nyumba isiyo na ng'ombe ina baridi, na mwezi wa Juni ukungu wetu huingia mpaka chini ya kitanda. Lakini baridi huvumilika. Shida ilikuwa kwamba kuni hazikamuliwi.

Mtoto wangu wa kwanza aliishi miezi saba. Wa pili alitimiza mwaka na kidogo. Wote walikufa kwa namna moja: njaa ya kabla ya mavuno ilipofika, maziwa yangu yalipungua, nikawapa uji mwembamba wa maji ya mfereji, wakaanza kuharisha, wakaisha. Niliwazika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Usiandike kwamba nililia. Hilo kila msomaji atalijua bila kuambiwa. Andika yale niliyoyasikia mferejini nilipokwenda kuchota maji, wanawake wasijue kwamba nimesimama nyuma ya magugu. Mmoja alisema, “Tumbo la mke wa Mbonea lina mkosi.” Mwingine akajibu, “Basi angekwenda kwa Semvua akaombe dawa. Yule mzee akikohoa tu, kuna mke anatapika asubuhi.” Wakacheka mpaka mmoja akaangusha kata yake majini. Nami, mwanangu, niliamini. Niliamini kwamba Semvua alikuwa na kitu ndani ya mwili wake ambacho Mbonea hakuwa nacho, na kwamba wake zake walikuwa na kitu ambacho mimi nilinyimwa.

Semvua alikuwa na wake saba. Hakubatizwa. Alisema kwamba mchungaji anamtaka abakize mke mmoja, na yeye hana mke wa kutupa. Kila mke alikuwa na nyumba yake, migomba yake na ng'ombe wake wawili au watatu, na nyumba zile zilishuka mteremkoni moja chini ya nyingine, kila moja ikitoa moshi wake, hata mtu aliyetoka Ndungu akipanda mlima aliziona kabla hajaona kanisa. Babu zake ndio waliochimba ndiva, lile bwawa la udongo linalojaa maji ya mfereji usiku na kufunguliwa asubuhi, na kwa sababu hiyo zamu ya kwanza ya maji ilikuwa yao. Sisi tulipata maji mchana, yakiwa yamebaki kama mkojo wa mbuzi. Mahindi yao yalikomaa yetu yakiwa yanajikunja. Tena ng'ombe wake hawakuwa hapo nyumbani tu. Aliwagawa kwa watu wa kuwatunza, mmoja nyumba hii, mmoja nyumba ile, kama ilivyokuwa desturi: mtunzaji anakata majani na kumlisha, anapata maziwa na samadi, na baada ya ndama kadhaa anapata mmoja wake. Kwa njia hiyo hakuna aliyejua idadi ya mali ya Semvua, na nusu ya mlima ilimwamkia kwa kuinama.

Upande wa pili wa mfereji aliishi Kadeva. Nataka jina lake liandikwe, kwa sababu hakuna fulana iliyoshonwa kwa ajili yake. Huyu ndiye aliyejua kuziba ndiva ilipopasuka. Hakuna mwingine aliyekuwa na mikono kama ile. Alikuwa na afya, alikuwa mcheshi, na alizeeka bila mke kwa sababu hakuwa na ng'ombe wa mahari, na wasichana aliowataka walikwenda, mmoja baada ya mwingine, kwa watu wenye ng'ombe. Wawili kati yao walikwenda kwa Semvua. Wala usidhani walilazimishwa. Mwanamke mwenye akili aliona afadhali awe mke wa sita kwenye nyumba yenye maziwa kuliko mke wa pekee kwa mtu mwenye shoka tu. Kadeva alipokufa, nyumbani kwake palimea magugu tu.

Mwaka ule Mbonea alisema amechoka kuweka kuni zizini. Alijiandikisha manamba, akashuka kwenda mashamba ya mkonge, akisema hatarudi bila ng'ombe. Aliniacha na mimba ya miezi saba, akamweka kaka yake, shemeji yangu Sangiwa, awe mkubwa wa nyumba mpaka yeye arudi. Nakijwa alizaliwa wakati wa mvua ndogo, na mvua zile zilikuwa ndogo kweli. Zilinyesha siku nne zikakatika. Alipofika miezi mitano nilianza kusikia jambo nililolifahamu. Mtoto ananyonya, anaachia, anakutazama, anashika tena, anaachia, analia. Nilijua hesabu ya siku zinazofuata kama unavyoijua wewe njia ya kwenda shuleni.

Nikaenda kwa mke mkubwa wa Semvua, tuliyemwita Mama Eliamini, kuomba kazi ya kukata majani ya ng'ombe, nilipwe chakula. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakupoteza neno. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mama.” Akasema, “Marahaba. Mzigo mmoja, sahani moja ya makande. Ukileta majani yenye umande, ng'ombe wanavimba tumbo, na wewe hupati kitu.” Nilileta makavu. Akaniingiza ndani nile. Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kulikuwa na joto la ng'ombe watatu waliokuwa wanacheua nyuma ya magogo, harufu ya samadi na ya moshi, na ukutani vibuyu vimetundikwa kwa ukubwa wao, mpaka kidogo cha mwisho kama ngumi. Wajukuu zake walikuwa wanakunywa maziwa kwa zamu, na mmoja, mwenye tumbo zuri la kukaza, alimwaga kidogo kwenye majivu, na hakuna aliyemgombeza. Mimi nilitazama majivu yale. Nakijwa alikuwa mgongoni, kichwa chake kimelegea begani kwangu.

Nikamuuliza, “Mama, umezaa wangapi?”

“Kumi na mmoja. Wapo tisa.”

“Mungu amekubariki.”

Alinitazama kama mtu anayetazama jino la mbuzi kabla ya kumnunua. “Hao wawili niliozika,” akasema, “walikuwa wa kwanza na wa pili. Semvua alikuwa bado hajarithi ng'ombe wa baba yake. Tulikuwa tunaweka kuni pale.” Akanionyesha zizi kwa kidevu. “Baada ya hapo sikuzika tena. Sasa unifundishe, mama Nakijwa: baraka ilikuja lini, kabla ya ng'ombe au baada?”

Hilo ndilo lililonifanya nicheke Bombo, mbele ya watu wote wale. Siku ile sikucheka. Nilikaa na sahani ya makande mapajani, na jambo lililokuwa limenilemea miaka yote ile likaanguka. Tumbo langu halikuwa na mkosi. Mwili wa Mbonea haukuwa na kasoro. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo, ingawa mtoto alikuwa analia njaa ile ile.

Siku chache baadaye shemeji Sangiwa alikuja asubuhi akivuta ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe, anayenyonyesha. “Semvua ametuonea huruma,” akasema. “Mtunze kama wanavyotunza wengine.” Nilitoa kuni zizini kwa mikono yangu, zote, nikazitupa nje, na ng'ombe akaingia. Nilimkamua, nikachemsha maziwa, nikayapoza, nikamnywesha Nakijwa kwa kibuyu kidogo. Baada ya wiki tatu mapaja yake yalikuwa na mikunjo. Watoto wangu wa kwanza hawakuwahi kuwa na mikunjo. Niliingiza kidole changu ndani yake, mkunjo mmoja baada ya mwingine, nikiihesabu.

Niliendelea kukata majani ya Mama Eliamini kwa ajili ya makande, kwa kuwa maziwa yalikuwa ya mtoto na mimi nilihitaji kula. Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba yake ninafungua mzigo, nikasikia sauti za wanaume ndani. Sauti moja ilikuwa ya Semvua. Nyingine ilikuwa ya Eliamini, mwanawe wa kwanza kati ya waliobaki, mwanaume mwenye ndevu.

“Baba, mimi nina umri gani?”

“Uliza mama yako, yeye ndiye aliyekuwepo.”

“Wenzangu wana watoto wanaochunga mbuzi. Kila ng'ombe anayeingia hapa unamtumia kuolea mke wewe. Umeniahidi mara tatu. Sasa unaposa hata mtoto wa kunyonya!”

“Nani mtoto wa kunyonya?”

“Binti ya Mbonea. Kwani hukupeleka dengelua kwa Sangiwa? Hakunywa na wazee wawili wakiona?”

Semvua akacheka taratibu. “Msichana anakua haraka kuliko ng'ombe anavyozeeka. Nimeweka mahali pazuri. Mtoto anakunywa maziwa yangu, atakuwa mwanamke mwenye mifupa. Ungekuwa na akili ungejifunza.”

“Nijifunze na nani, na mke gani?” akasema Eliamini, na nikasikia mlango wa fito unabamizwa.

Uelewe jambo hili, kwa maana siku hizi mnalewa bila kujifunga. Dengelua ni pombe ya miwa, na wakati ule mzee aliyetaka binti alipeleka kibuyu cha dengelua kwa mkubwa wa nyumba. Mkubwa akinywa mbele ya mashahidi, binti ameposwa, hata kama bado hajaota meno. Nilimkuta Sangiwa anachonga mpini wa jembe.

“Shemeji, ulikunywa pombe ya Semvua?”

“Nilionja.”

“Kibuyu kizima?”

“Kulikuwa na joto, shemeji. Na wale wazee wawili walikunywa zaidi yangu.” Kisha akaacha kuchonga. “Sikiliza. Ulitaka nimzike wa tatu? Mimi ndiye niliyechimba yale makaburi mawili. Nilisema moyoni, la tatu sichimbi. Nikanywa.”

Sikuweza kumtukana. Hakuwa mlafi tu. Alikuwa amemnunulia mtoto uhai kwa kitu pekee ambacho nyumba yetu ilikuwa nacho. Na wanawake wa mferejini, habari ilipoenea, waliniambia wazi, si kwa nyuma ya magugu: “Unakasirika nini? Ataolewa kwenye ng'ombe. Watoto wake hawatazikwa kwenye migomba kama wako.” Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu walisema kweli. Kama ningekuwa ninapigana na uongo, ningeshinda kwa siku moja. Nilikaa na kweli ile siku nyingi, nikimkamua ng'ombe wa Semvua asubuhi na jioni, nikiona mwanangu ananenepa kwa maziwa ambayo kila tone lake lilimvuta kwenda kwenye nyumba ya nane. Nikaona jinsi mlima wetu ulivyokuwa unakwenda. Mwenye ng'ombe anapata wake, wake wanapata watoto, watoto wanaishi kwa sababu ya ng'ombe, mabinti wanaleta ng'ombe wengine, na ng'ombe wale wanakwenda kuleta binti ya mtu asiye na ng'ombe. Kadeva anaziba ndiva. Mimi sikutaka mwanangu awe tone kwenye kibuyu cha mtu. Nilitaka aishi, na nilitaka awe wa Mbonea mpaka siku atakapochagua mwenyewe. Nilitaka vyote viwili, na hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke maskini anaruhusiwa kutaka viwili.

Pombe ya posa hurudishwa kwa pombe, kwa kipimo kile kile, mbele ya walioshuhudia. Nilikuwa na miwa kando ya mfereji, ambayo Mbonea aliipanda. Niliikata yote. Niliimenya na kuitwanga kwenye kinu siku mbili, Nakijwa akiwa mgongoni anaruka kwa kila pigo la mchi, nikaikamua na kuiweka karibu na moto pamoja na vipande vya tunda la mwegea vya kuichachusha mpaka ikaanza kusema. Kutengeneza dengelua ilikuwa kazi ya wanaume, na waliopita walicheka. Mmoja akasema, “Mama Nakijwa, unaoa?” Nikamjibu, “Naachisha.” Ilipoiva nilimwita Sangiwa. Nilimwambia, “Kinywa kilichokunywa ndicho kitakachorudisha. Beba kibuyu, utangulie. Mimi nitavuta ng'ombe.” Alinitazama, akamtazama mtoto, akabeba. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Semvua alikuwa amekaa uani na wale wazee wawili. Sangiwa aliweka kibuyu chini, akasema maneno machache ya kurudisha posa. Wazee walitazama kibuyu kisha wakanitazama mimi, maana walijua mikono iliyotwanga.

Semvua hakukasirika. Alizungumza nami kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko fimbo. “Mwanamke, mtoto wako amenenepa.”

“Ndiyo, Mzee. Asante.”

“Ukimwacha huyo ng'ombe hapa, kesho utamnywesha nini?”

“Niache nimtunze kama wanavyotunza wengine, Mzee. Nitakata majani, samadi nitakuletea hata hiyo, ndama wote wawe wako. Mtoto tu asiwemo.”

“Wengine ninawapa kwa sababu wananifaa. Mume wako hayupo, na nyumba yako haina mtu wa kunifaa isipokuwa huyo wa mgongoni.” Akaonja dengelua yangu, akatikisa kichwa. “Nzuri. Ni nzuri kuliko ile niliyopeleka. Bado unaweza kugeuka, na mimi nitasema sikuona kitu.”

Nilifunga ng'ombe kwenye nguzo yake. Mafundo mawili, ili asiseme kwamba alifunguka njiani. Kisha nikasema, “Kwaheri, Mzee,” nikaondoka na kamba yangu, kwa sababu kamba ilikuwa ya Mbonea.

Siku tatu zilizofuata sitaki uziandike kwa urefu. Mtoto aliyezoea maziwa hulia tofauti na mtoto asiyeyajua. Nilitafuna makande nikamtilia kinywani, akatema. Siku ya tatu hakuwa na nguvu ya kutema. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikijiuliza kama kiburi changu kimechimba kaburi ambalo Sangiwa alikataa kulichimba, ndipo nilipomwona Mama Eliamini anashuka kwa njia ya migombani, si kwa njia kubwa, akivuta ng'ombe mwekundu aliyekuwa amezaa karibuni, ndama akifuata nyuma. Aliingia bila kubisha, akamfunga zizini mwenyewe.

“Huyu si wa Semvua,” akasema. “Huyu alikuja kwa mahari ya binti yangu, ni wa nyumba yangu. Kwa haki ni wa kumwoza Eliamini. Lakini akibaki kule, mwaka hautaisha kabla hajageuka kuwa mke wa nane. Wewe umefunga ng'ombe kwenye nguzo ya mume wangu ukaondoka. Sijaona mtu mwingine kwenye mlima huu aliyefanya hivyo. Kwa hiyo nimewaza: ng'ombe akiwa kwako, Semvua hatakuja kumwomba, kwa sababu atalazimika kusema na wewe tena.”

“Na akiuliza?”

“Mwambie nimempeleka kwa watunzaji. Alifundisha mwenyewe kuwaficha.” Alikaa kwenye kigoda changu, akanyoosha mikono. “Maziwa na samadi ni yako. Ndama wawili wa kwanza ni wa Eliamini, wa tatu ni wako. Na majani yangu uyakate bado, sikuja kukulea. Sasa kamua, mtoto amelegea.”

Nilikamua. Maziwa hayakumwagika hata tone.

Ukame uliendelea mpaka majani ya mlimani yakaisha. Wenye ng'ombe wengi waliwateremsha tambarare kwa Wamasai. Mimi nilikuwa na mmoja, na nisingemteremsha. Nilishuka mwenyewe hadi karibu na Ndungu, kwenye unyevu wa mashamba ya mpunga, nikakata, nikapanda na mzigo mgongoni, kamba yake kichwani, na Nakijwa kifuani. Naondoka alfajiri, narudi jua linazama, siku moja nyumba yangu, siku inayofuata nyumba ya Mama Eliamini. Hapa juu ya paji la uso wangu kuna alama. Umeniuliza mara nyingi. Ni ya kamba ya mzigo. Wanawake wa mferejini waliacha kunicheka, na mmoja wao alianza kuongozana nami. Mbonea aliporudi kutoka mkonge, amekonda, bila ng'ombe, kwa sababu ugonjwa ulimmalizia mshahara, alisimama mlangoni akasikia kitu kinacheua. Kisha akaona mtoto ameshika gogo la zizi, amesimama kwa miguu yake. Alivua kofia, akaingia.

Mvua zilipokaribia, baragumu lilipigwa na mlima mzima ukaitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kutoa matope ndani ya ndiva. Kadeva alikuwa chini kwenye lango la maji anaelekeza. Wanawake tulipanga mstari tukipokezana vikapu vya udongo. Semvua aliketi juu ya ukingo, mahali pake pa siku zote, miguu ameinyoosha katikati ya njia nyembamba ya kupitia. Miguu ya mzee hairukwi. Watu wote, na vikapu vyao vizito, walishuka kwenye matope wakamzunguka, wakapanda tena. Ilikuwa hivyo kila mwaka, na hakuna aliyeona ajabu.

Nakijwa alikuwa na miezi kumi na minne. Nilimwacha kwenye kivuli cha kichaka, na nilipogeuka hakuwepo kivulini. Alikuwa juu ya ukingo, anatembea. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye miguu ya Semvua, akasimama, akaweka viganja viwili juu ya goti lake kama mtu anayejaribu mlango. Vikapu vilisimama mikononi mwa watu.

Semvua akamtazama. “Huyu ni nani?”

“Ni binti wa Mbonea, Mzee,” nikasema kutoka chini, ndani ya matope.

“Ni wa ngapi?”

“Wa tatu. Ni wa kwanza kuishi.”

Akamshika paja kwa vidole viwili, pale penye mkunjo, kama alivyozoea kushika ndama. Najua alifahamu ni maziwa ya nyumba gani. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na watu wa namna hiyo husoma mwili. Alimtazama Mama Eliamini, aliyekuwa kwenye mstari pamoja nasi, na Mama Eliamini akaendelea kutazama kikapu chake. Kisha mzee yule, aliyezungukwa na mlima mzima, akavuta miguu yake ndani, mmoja, halafu wa pili, akaikunja chini yake.

Nakijwa akapita.